Robert Wangila: Bingwa wa Olimpiki aliyeuawa na jeraha lisiloonekana

KENYA imekuwa ikipeleka mabondia katika Michezo ya Olimpiki tangu miaka ya 1960, na saba kati ya medali ilizojizolea huko zilitoka ulingoni. Ya dhahabu, hata hivyo, ni moja tu. Aliyeitwaa ni Robert Napunyi Wangila, mzaliwa wa Nairobi, aliyemwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika fainali ya uzani wa welter jijini Seoul, Korea Kusini, mwaka wa 1988.

Miaka sita baadaye Wangila alikuwa kaburini. Alifariki Julai 24, 1994, mjini Las Vegas, Marekani, siku mbili baada ya pigano lake la mwisho, kutokana na damu iliyovujia ndani ya fuvu la kichwa chake. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Kwa muda mrefu kisa chake kimesimuliwa kama habari ya utukufu uliokatizwa na majaliwa. Majaliwa yana sehemu yake katika maisha ya kila mja, lakini hayatoshi kueleza kilichomfika kijana huyu. Kifo chake kina maelezo ya kitabibu, na maelezo hayo yangali yanamhusu kila kijana anayevaa glavu katika kumbi za mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Wangila alizaliwa Septemba 3, 1967, miaka isiyotimia minne baada ya nchi kujinyakulia uhuru. Ndondi ya jiji aliyoikuta ilikuwa na mizizi yake mashariki mwa Nairobi, katika mitaa ambayo serikali ya kikoloni, baraza la mji na shirika la reli zilijenga kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika: Pumwani, Shauri Moyo, Muthurwa, Makongeni, Kaloleni, Bahati, na baadaye Jericho na Jerusalem.

Nyumba za mitaa hiyo zilikuwa ndogo, nyingi za chumba kimoja, na kwa hivyo maisha ya vijana yalihamia nje. Pale palipojengwa ukumbi wa kijamii, ukumbi huo ukawa sebule ya mtaa mzima. Ukumbi wa Kaloleni ulisikika sana kwa mikutano ya kisiasa kabla ya uhuru. Kumbi nyingine, ukiwamo ule wa Muthurwa ambao ulikuja kuwa makao ya klabu ya Dallas, zilijulikana zaidi kwa milio ya ngumi zikitua kwenye gunia.

Ndondi iliwafaa vijana hao kwa sababu haikuhitaji uwanja mpana wala vifaa vya bei. Gunia lililojazwa vizuri, kamba ya kuruka, jozi chache za glavu zilizopokezanwa kutoka mkono hadi mkono, na mkufunzi mwenye subira, vilitosha kuanzisha safari. Aliyefanya vyema aliweza kuajiriwa na jeshi, polisi, magereza au kampuni iliyokuwa na timu yake. Kwa familia nyingi, ngumi zilikuwa ajira kabla ya kuwa mchezo.

Njia hiyo ilikuwa imeshakanyagwa na wengi kabla ya Wangila. Philip Waruinge alinyakua nishani ya shaba jijini Mexico City mwaka wa 1968, akatunukiwa pia kombe la Val Barker ambalo hupewa bondia mwenye ufundi zaidi katika Olimpiki. Alirudi na fedha kutoka Munich mwaka wa 1972, ambako Dick Murunga na Samuel Mbugua walipata shaba. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, kisha Ibrahim Bilali akaiongezea shaba nyingine jijini Los Angeles mwaka wa 1984. Timu ya taifa ilikuwa imebandikwa jina la Hit Squad, na jina hilo lilitetemesha wapinzani barani.

Wangila aliingia katika timu hiyo akiwa kijana mwenye ngumi nzito kupita umri wake. Nairobi ilipoandaa Michezo ya Afrika mwaka wa 1987, alitwaa dhahabu ya uzani wa welter mbele ya mashabiki wa nyumbani. Mwaka uliofuata alikuwa ndani ya ndege ya kwenda Seoul.

Macho ya Wakenya katika michezo hiyo yalielekezwa zaidi kwa wanariadha, na wanariadha hawakuwaangusha. Paul Ereng alishinda mbio za mita 800, Peter Rono mita 1,500, John Ngugi mita 5,000, naye Julius Kariuki akatawala mbio za kuruka viunzi na maji. Dhahabu ya tano ndiyo iliyowashangaza wengi, kwa maana ilitoka ulingoni.

Katika nusu fainali, Wangila alipita bila kurusha ngumi kwa kuwa mpinzani wake kutoka Poland, Jan Dydak, hakuweza kupanda ulingoni. Katika fainali alikutana na Boudouani, bondia ambaye miaka kadhaa baadaye angekuwa bingwa wa dunia wa WBA katika ndondi za kulipwa. Pigano halikufika mwisho. Katika raundi ya pili, ngumi ya Mkenya ilitua sawasawa, na Mfaransa akahesabiwa hadi kumi.

Kwa ushindi huo, Wangila akawa bondia wa kwanza mweusi kutoka Afrika kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwenzake wa timu, Chris Sande, alipata shaba katika uzani wa kati. Tangu siku hizo, hakuna bondia Mkenya aliyerejea na medali yoyote ya Olimpiki.

Picha za Seoul zinamwonyesha Wangila akiwa amevaa kofia ya kukinga kichwa. Kofia hizo zilikuwa zimelazimishwa katika Olimpiki tangu mwaka wa 1984, na mapigano yalikuwa ya raundi tatu pekee. Wengi walidhani kofia hulinda ubongo. Ukweli ni kwamba hupunguza michaniko ya ngozi na mivunjiko ya mifupa, lakini haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Wasimamizi wa ndondi za ridhaa waliziondoa kwa wanaume mwaka wa 2013, na mjadala kuhusu uamuzi huo haujaisha.

Nishani haikuwa na mshahara. Kijana wa miaka 21 aliyekuwa bingwa wa dunia nzima katika uzani wake alihitaji kula, kulea na kujenga. Mwaka wa 1989 Wangila alijiunga na ndondi za kulipwa, akafanya Marekani kuwa makao ya kazi yake. Huko hakukuwa na kofia ya kukinga kichwa, glavu zilikuwa za aina nyingine, na mapigano yalirefuka hadi raundi 8, 10 au 12.

Rekodi yake haikuwa mbaya. Alishinda mapambano 22, mengi kati ya hayo kwa kuwaangusha wapinzani kabla ya muda, na akashindwa matano. Hata hivyo, mkanda wa dunia ambao wengi walimtarajia auvae haukumfikia. Kadiri miaka ilivyosonga, kila pigano lilizidi kuwa mtihani wa kubaki katika orodha ya wanaofikiriwa.

Mnamo Julai 22, 1994, alipanda ulingoni mjini Las Vegas kuchapana na David Gonzales. Lilikuwa pigano refu na la kuchosha. Katika raundi ya tisa, baada ya Wangila kupokea makonde mfululizo, refa aliingia kati na kulisimamisha. Wangila hakuridhika. Alilalamika kwamba alikuwa na uwezo wa kuendelea, kisha akaondoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe.

Muda mfupi baadaye, akiwa katika chumba cha kubadilishia mavazi, alipoteza fahamu. Alikimbizwa hospitalini, madaktari wakalifungua fuvu na kuondoa damu iliyokuwa imeganda, lakini hakuzinduka tena.

Katika muda huo mfupi kati ya malalamiko ya ulingoni na kuzirai chumbani ndimo lilimo fundisho la maisha yake. Mtu aliyekuwa anakufa alisimama, akazungumza, akabisha. Hakuwa anajitia ushujaa wa bure. Hakuwa na namna ya kujua.

Ubongo wenyewe hauna neva za kuhisi maumivu. Umeelea katika majimaji ndani ya fuvu, na umeunganishwa na utando mgumu unaoufunika kwa vena ndogo zinazokatiza nafasi iliyo kati yao. Konde zito, hasa lile linalokizungusha kichwa, huufanya ubongo uchelewe kufuata mwendo wa fuvu kisha uufuate kwa kishindo. Katika purukushani hiyo, vena hizo huvutika, na moja ikipasuka, damu huanza kujikusanya chini ya utando.

Fuvu la mtu mzima ni chungu kisichotanuka. Damu ikiongezeka, kitu kingine lazima kisukumwe, na kinachosukumwa ni ubongo. Mwanzoni mgonjwa anaweza kuonekana mzima, akatembea na kujibu maswali. Kisha kichwa huanza kumuuma kupita kiasi, hutapika, husinzia, maneno humkwama, na mboni ya jicho moja huweza kupanuka kuliko ya pili. Damu ikiendelea kujaa, shina la ubongo linaloongoza pumzi na mapigo ya moyo hubanwa, na hapo uhai huwa umeshikiliwa na uzi.

Dawa ya jeraha kubwa la aina hiyo si kidonge. Ni kufungua fuvu, kuitoa damu na kuuziba mshipa uliopasuka. Wazo la kulifungua fuvu la mtu aliyepigwa si geni nchini. Miongoni mwa Abagusii, mtaalamu wa jadi aitwaye omobari alikuwa akikwangua mfupa wa kichwa cha mtu aliyeteseka kwa maumivu yasiyokoma baada ya kujeruhiwa, akichunga asiuguse utando wa ubongo. Madaktari waliofanya kazi Kenya katika miaka ya 1950 na 1960 waliandika kuhusu ustadi huo kwa mshangao, kwa kuwa wagonjwa wengi walipona.

Upasuaji wa kisasa wa ubongo ulianza kukita mizizi Nairobi katika miaka ya baada ya uhuru, pale Hospitali Kuu ya Kenyatta ilipompata Renato Ruberti, daktari kutoka Italia. Gerishom Sande akafuata na kuwa Mkenya wa kwanza Mwafrika kubobea katika fani hiyo. Kutoka mikononi mwa watu kama hao kilizuka kizazi cha madaktari ambao leo huokoa majeruhi wa ajali za matatu, pikipiki na rungu za wezi.

Jambo ambalo madaktari wa ubongo duniani walilitambua mapema ni kwamba adui mkubwa wa jeraha hili ni saa. Mwaka wa 1981, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 82 waliokuwa wamepoteza fahamu kwa sababu ya damu iliyovujia chini ya utando wa ubongo. Miongoni mwa waliopasuliwa ndani ya saa nne, waliofariki walikuwa asilimia 30. Miongoni mwa waliochelewa kupita hapo, walikuwa asilimia 90. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba mambo mengine, kama vile umri na ukubwa wa jeraha lenyewe, huchangia pia, lakini hakuna daktari anayeshauri kusubiri.

Ulimwengu wa ndondi ulikuwa na maonyo mengi kabla ya Wangila. Mnamo Novemba 1982, katika mji huohuo wa Las Vegas, Mkorea Duk Koo Kim alipigwa na Ray Mancini hadi raundi ya 14, akafariki siku chache baadaye kwa jeraha la aina hiyohiyo. Baada ya msiba huo, baraza la WBC lilipunguza mapigano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12.

Mnamo Septemba 1991, Mwingereza Michael Watson alianguka baada ya pigano na Chris Eubank jijini London. Alipelekwa kwanza katika hospitali isiyokuwa na kitengo cha upasuaji wa ubongo, na muda wa thamani ukapotea. Alifanyiwa upasuaji mara sita na akakaa siku 40 bila fahamu. Alinusurika akiwa na ulemavu, akaishtaki bodi iliyosimamia ndondi nchini humo, na akashinda. Kuanzia hapo, vifaa vya kuokoa pumzi, gari la wagonjwa na hospitali iliyoarifiwa mapema vikawa sharti la pigano lolote kubwa nchini Uingereza.

Wangila alikufa kati ya nyakati hizo mbili: baada ya Kim kuonyesha hatari, na kabla ya Watson kushinda kesi. Alikuwa katika mji wenye hospitali za kisasa, na alipasuliwa. Hata hivyo hakuokoka. Hilo lapaswa kumfanya mtu atafakari zaidi kuhusu kumbi ambako hata ambulensi haipo.

Anayezirai katika ukumbi wa mtaani Eastlands usiku wa Ijumaa hana masafa marefu sana ya kufika Kenyatta yakihesabiwa kwa kilomita. Yakihesabiwa kwa dakika, ni habari tofauti. Barabara ya Jogoo na ile ya Landhies zina msongamano wake, magari ya wagonjwa hayaji kila yanapoitwa, na hospitali ya kwanza itakayompokea huenda isiwe na mashine ya kupiga picha za ubongo wala daktari wa kuupasua. Mara nyingi wenzake humpeleka nyumbani alale, wakiamini ni uchovu. Usingizi huo ndio wa kuogopwa zaidi.

Kifo cha ghafla, hata hivyo, si hatari pekee ambayo Wangila aliikabili. Laiti angeishi, pengine angekutana na ya pili, inayokuja polepole.

Mwaka wa 1928, Harrison Martland, daktari mpasuaji wa maiti katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, aliandika kuhusu mabondia wastaafu waliotembea kama walevi, wakatetemeka mikono na kupoteza kumbukumbu. Mwaka wa 1973, kundi la Waingereza likiongozwa na Nicholas Corsellis lilichapisha uchunguzi wa bongo 15 za mabondia waliokufa, na likaonyesha uharibifu uliojirudia kutoka ubongo mmoja hadi mwingine. Kisha mwaka wa 2002, Bennet Omalu, daktari mzaliwa wa Nigeria anayefanya kazi Marekani, akaukuta uharibifu wa namna hiyo katika ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani. Ripoti yake ya mwaka wa 2005 iliwalazimisha wasimamizi wa michezo mingi kuamka.

Katika ugonjwa huo, protini iitwayo tau, ambayo kwa kawaida huimarisha umbo la seli za ubongo, hubadilika na kujikunja, ikarundikana na kuziua seli hizo. Si lazima mtu awe amezirai ulingoni. Makonde madogo ya miaka mingi, yakiwamo ya mazoezini, hujumlishwa kama deni la dukani. Uhakika kamili wa ugonjwa hupatikana baada ya kifo, ubongo unapochunguzwa kwa darubini, na haujapatikana upasuaji wala dawa ya kuuponya.

Wakenya walimwona Muhammad Ali akizuru Nairobi mwaka wa 1980, tayari sauti yake ikiwa imeanza kupungua kasi. Mwaka wa 1984 madaktari walisema ana ugonjwa wa Parkinson. Hawakuafikiana kamwe ni kwa kiasi gani ngumi zilichangia. Kwa wagonjwa wa Parkinson, upasuaji wa kuweka nyaya nyembamba za umeme ndani ya ubongo, ulioendelezwa nchini Ufaransa tangu mwaka wa 1987, hupunguza mtetemeko. Lakini huo hutuliza dalili tu. Hauzirejeshi seli zilizokufa.

Swali ambalo limewasumbua watafiti ni kwa nini bondia mmoja hustaafu akiwa timamu, naye mwenziwe aliyepigana idadi ileile ya mapambano akaishia kulisahau jina la mwanawe. Sehemu ya jibu ilitafutwa katika jeni. Mwaka wa 1993, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walibaini kwamba aina moja ya jeni iitwayo APOE, inayojulikana kama E4, huongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa wa kusahau wa Alzheimer. Kila mtu hurithi nakala mbili za APOE, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama.

Mwaka wa 1997, Barry Jordan na wenzake waliwapima mabondia 30. Miongoni mwa waliokuwa wamepigana mapambano mengi ya kulipwa, yaani 12 au zaidi, wale waliokuwa na E4 walionyesha dalili kali zaidi za uharibifu wa ubongo. Idadi ya waliopimwa ilikuwa ndogo, na matokeo ya tafiti zilizofuata hayakukubaliana yote. Ila jambo moja lilijitokeza: jeni peke yake haikumdhuru aliyepigwa kidogo. Ilikuwa kama petroli iliyomwagika, ikingoja kiberiti.

Kwa Waafrika suala hilo lina utata wake. Utafiti kuhusu wazee wa Afrika Mashariki uliochapishwa mwaka huohuo wa 1997 ulionyesha kwamba E4 ni ya kawaida miongoni mwa watu ambao akili zao zilikuwa timamu kabisa. Tafiti za Ibadan, Nigeria, zilionyesha pia kwamba aina hiyo haikuwa na nguvu miongoni mwa Wayoruba kama ilivyokuwa miongoni mwa wazungu wa Marekani. Kwa hiyo, kumpima kijana wa Kariobangi jeni na kumwambia yu salama au yu hatarini kungekuwa ni kumpa jibu ambalo sayansi haijalikamilisha.

Hakuna ushahidi kwamba jeni ilihusika katika kifo cha Wangila. Kilichomuua ni mshipa uliopasuka. Lakini alikuwa amepigana mara 27 katika ndondi za kulipwa, zaidi ya maradufu ya kipimo kilichotumiwa na kina Jordan, mbali na miaka yake yote ya ridhaa na saa zisizohesabika za mazoezi. Kama vena hiyo isingepasuka usiku ule, deni lingalikuwapo.

Mji aliofia umekuwa, kwa njia ya ajabu, maabara ya somo hilo. Tangu mwaka wa 2011, kituo cha afya ya ubongo cha Cleveland Clinic mjini Las Vegas kimekuwa kikiwafuatilia mamia ya wapiganaji walio hai, kikiwapiga picha za ubongo na kuwapima uwezo wa kufikiri mwaka baada ya mwaka. Ripoti zake zimehusisha idadi kubwa ya mapigano na kunywea kwa sehemu za ndani za ubongo, pamoja na kupungua kwa wepesi wa kuchakata mambo akilini. Shabaha ni kuyaona madhara mapema, wakati mpiganaji angali na nafasi ya kuacha.

Mwili wa Wangila uliporejeshwa nyumbani, haukupata utulivu mara moja. Palizuka mvutano katika familia kuhusu taratibu za mazishi, kwa kuwa ilidaiwa alikuwa amesilimu, na shauri hilo likafika mahakamani. Magazeti yalijaa habari za nani amzike na kwa dini ipi. Katika kelele hizo, swali la nini kilichomuua na namna gani mwingine angeepushwa lilisukumwa pembeni. Taifa liliomboleza bingwa, likasahau kuuliza.

Swali hilo halihitaji hospitali ya mabilioni ili kuanza kujibiwa. Kanuni za kimataifa za ndondi za ridhaa zilikwisha kuweka kwamba bondia aliyeangushwa kwa konde la kichwani akae nje kwa angalau siku 30. Akiangushwa mara mbili ndani ya miezi mitatu, akae nje siku 90. Mara tatu ndani ya mwaka mmoja, apumzike mwaka mzima. Kanuni hizo hazina maana endapo kuanguka kwa mazoezini hakuandikwi popote, au bondia akipumzishwa katika klabu moja huvuka barabara na kuvaa glavu katika klabu nyingine.

Daftari la kila ukumbi lenye jina la bondia, tarehe na kilichompata lingegharimu shilingi chache. Mkufunzi anayejua dalili za damu kuvujia kichwani, na anayejua kwamba aliyepigwa sana halazwi peke yake usiku ule, angeokoa maisha kabla daktari hajaitwa. Gari moja lililo tayari mlangoni wakati wa mashindano lingepunguza dakika ambazo hakuna mpasuaji anayeweza kuzirudisha.

Zaidi ya hayo yote, uamuzi wa kusimamisha pigano haupaswi kuachiwa anayepigana. Mabondia huandaliwa tangu utotoni kuvumilia, kuficha maumivu na kutokubali kushindwa. Sifa hizo ndizo zilizomfikisha Wangila kwenye jukwaa la Seoul, wimbo wa taifa ukipigwa kwa heshima yake. Ndizo pia zilizomfanya abishane na refa Las Vegas, akidai raundi nyingine ilhali ubongo wake ulikuwa umeshaanza kubanwa. Refa yule alikuwa sahihi. Kasoro ni kwamba hata usahihi wake ulikuja wakati mshipa umekwisha kupasuka.

Vijana wa Eastlands bado huingia katika kumbi hizo jioni, wengine wakiwa hawajatimiza miaka 10, na wengi wao wamesimuliwa habari za dhahabu ya mwaka wa 1988. Ni haki yao kusimuliwa pia habari za mwaka wa 1994, tena kwa ukamilifu, na wakufunzi wao, kabla hawajafungwa glavu kwa mara ya kwanza.